Intavyuu ya urepu wa dawa: wanataka watu wako, wewe unataka nini?

Kwenye intavyuu za marepu wa dawa, yaani wale wanaotumwa na kampuni kunadi dawa kwa madaktari na famasi, hapa kwetu Tanzania kuna swali moja lina uzito kuliko mengine yote, na wengi wanalijibu haraka haraka bila kulifikiria. Swali lenyewe ni "unawajua madaktari gani?" Kuna kampuni zinaliuliza kwa mdomo tu, na kuna nyingine zinakusogezea kabisa karatasi ina jedwali: jina la daktari, hospitali, idara, namba ya simu. Kijana aliyekuja na shati limepigwa pasi na kahangaika usiku kucha kukariri jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini anaichukua ile karatasi anajaza mpaka nafasi inaisha, anaona kabisa hapa nimepata kazi. Kiukweli pale ndo ametoa kitu chenye thamani kubwa kuliko chochote alichokuja nacho, cheti chake cha chuo kikiwemo, na ametoa bure.

Hoja yangu ni kwamba kwenye hii biashara kampuni hainunui cheti chako cha chuo, inanunua mahusiano yako. Ukishaelewa hilo unajiandaa tofauti, unajibu tofauti, na wewe pia unaanza kuuliza maswali.

Tuanze na kwa nini iko hivi. Dawa za cheti, zile zinazotolewa kwa maandishi ya daktari, huwezi kuzitangaza redioni kama sabuni, na matangazo ya dawa kwa ujumla yanapitia TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, kwa hiyo kampuni ikileta antibayotiki yake mpya haina njia ya kumfikia mgonjwa moja kwa moja, inabidi ipite kwa anayeandika cheti na anayetoa dawa dirishani. Hapo anahitajika mtu wa kwenda kwa miguu yake kugonga mlango. Alafu sokoni kuna jina moja la dawa na kampuni kibao zinazoiuza, chukua pantoprazole, chukua azithromycin, chukua amoxicillin na clavulanate, ingia famasi yoyote kubwa Kariakoo uombe uonyeshwe boksi zote za hiyo ya mwisho uone meza itakavyojaa. Dawa ni ile ile, miligramu zile zile, kinachofanya daktari aandike hili jina na aliache lile mara nyingi ni kwamba analikumbuka, na analikumbuka kwa sababu kuna mtu anayemheshimu alikuja akamweleza vizuri. Kumjenga mtu wa hivyo kwenye eneo kunaila kampuni miezi ya mshahara, mafuta, sampo na vocha kabla hata oda ya maana haijaingia. Sasa wakimpata ambaye tayari anasalimiana na madaktari wa kanda nzima wameruka yote hayo. Ndo maana matangazo mengi yanataka mwenye uzoefu wa miaka miwili au mitatu kwenye eneo hilo hilo, na ndo maana kazi nyingi hata hazitangazwi, meneja wa kanda anawapigia marepu anaofahamiana nao anauliza "nani yupo Mwanza hana mkataba mzuri?" na ndani ya wiki mtu kapatikana.

Hii inamuumiza sana aliyemaliza chuo juzi. Mfamasia katoka MUHAS, au Bugando, au St. John's pale Dodoma, kamaliza mwaka wake wa intaniship, anasubiri Ajira Portal, anasubiri TAMISEMI, miezi inaenda, anaamua ajaribu urepu, anaambiwa huna uzoefu. Fundi dawa sanifu ndo kabisa, wengine wanamwambia wazi kuwa wanataka digrii. Nikiongea na vijana hawa nakuta mtu anaamini kabisa hana mahusiano yoyote, wakati mwaka mzima alikuwa hospitali ya rufaa anafanya zamu na madaktari waliokuwa intani kama yeye. Wale intani leo wametawanyika, mmoja yuko hospitali ya wilaya ndo daktari wa zamu kila siku, mwingine kaingia kituo cha afya ni mganga mfawidhi, mwingine yuko hospitali binafsi mjini. Hao ndo waandishi wa vyeti. Yule fundi dawa aliyefundishwa naye kutoa dawa dirishani sasa hivi yuko kaunta ya famasi kubwa mjini. Hayo ni mahusiano, tena ya kweli kuliko ya repu anayepita mara moja kwa mwezi na begi, sema tu hakuna aliyemwambia ayahesabu.

Na kama kweli huna hata hayo, basi nenda eneo lenyewe kabla ya intavyuu. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimekaa upande wa wanaohoji na wanaofanya hivi ni wachache mno. Umeitwa kuhojiwa kwa kazi ya kanda ya kaskazini, panda basi nenda Moshi, zunguka famasi zilizo karibu na hospitali ya KCMC, ingia saa ambayo hakuna foleni (asubuhi sana au mchana wa joto), jitambulishe kwa heshima, shikamoo kwa mkubwa, sema ukweli kwamba unaomba kazi na unataka kujifunza soko. Watu wa famasi wana huruma na mtu anayetafuta kazi, watakupa kiti. Uliza kipi kinatoka sana kwenye kundi la dawa la hiyo kampuni, wananunua jumla kwa nani, wanapewa mkopo wa siku ngapi, repu gani anakuja mara kwa mara na nani alipotea. Ukikaa hapo kidogo utaona jambo ambalo haliko kwenye notsi zozote: mgonjwa anakuja na cheti kimeandikwa jina la kampuni fulani, muuzaji anakisoma, anageuka kwenye shelfu, anarudi na boksi la kampuni nyingine anasema "hii ni sawa na hiyo, na bei yake nzuri kidogo." Mgonjwa anakubali. Kazi yote ya repu aliyekaa nje ya mlango wa daktari tangu asubuhi imeishia hapo kaunta kwa sekunde tano. Ukilieleza hilo kwenye intavyuu kwa mifano ya eneo lao, bila kumtaja mtu, meneja wa mauzo ataweka kalamu chini akusikilize, maana hilo ndo linamnyima usingizi.

Sambamba na hilo jua dawa inavyosafiri kwenye nchi hii. Watu wengi wanaijua MSD, Bohari ya Dawa ya serikali, kwa jina tu. Lakini kituo cha serikali kikiagiza MSD kikaambiwa dawa haipo kinafanyaje? Hapo ndo kuna mfumo wa Jazia, mshitiri mmoja wa mkoa anayeviuzia vituo kile ambacho MSD wamekosa, ulianza kwa majaribio Dodoma 2014 na kufika 2018 ukasambazwa nchi nzima. Mwombaji wa kazi Singida au Tabora ambaye hajui mshitiri wa mkoa huo ni nani anaomba kazi kwenye soko asilolijua. Alafu kuna maduka ya dawa muhimu, DLDM, yaliyoanzia Ruvuma 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, haya yanaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa za cheti zikiwemo baadhi ya antibayotiki, na huko vijijini ndo famasi yenyewe kwa watu wengi. Kuna Mwongozo wa Matibabu wa taifa na orodha ya dawa muhimu, dawa yako kama haimo humo kwenye hospitali ya serikali utahangaika sana. Na kwenye hospitali kubwa kuna kamati ya dawa na tiba, daktari mmoja anaweza kukupenda kama ndugu yake lakini kamati isipoingiza dawa yako stoo ya hospitali haitaagiza.

Juu ya hayo yote kuna bima. Machi 2024 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, walipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuhudumia wanachama wake, ikawa taharuki mitaani, watu na kadi zao mkononi wanarudishwa getini. Repu anayefikiri aliiona ile ishu kwa jicho lingine pia: bima ikishapanga bei ya kulipia dawa, hospitali itanunua boksi lililo chini ya ile bei ili ibaki na kitu kidogo, hata kama daktari anapenda jina lingine. Kwa hiyo ukiulizwa "kwa nini mauzo ya dawa yetu yameshuka hospitali binafsi?" usikimbilie kusema marepu hawafanyi kazi. Uliza bei ya jumla ni ngapi na bima inalipa ngapi. Swali hilo moja linakutofautisha na wengine wote waliokaa kwenye benchi nje.

Sasa tuje kwenye igizo, maana karibu kila intavyuu ya urepu ina igizo. Mmoja wa wanaohoji anajifanya daktari. Hakuangalii, anaandika, anasema "nina wagonjwa nje, una dakika moja." Wengi hapo wanaanza kumwaga: dawa yetu imetengenezwa India kwa viwango vya kimataifa, ina nguvu, ina bei nafuu, haina madhara… (na hiyo ya haina madhara ndo inakumaliza kabisa, hakuna dawa isiyo na madhara na daktari anajua). Anayefanya vizuri anasalimia, anajitambulisha kwa sentensi moja, anauliza swali moja linalomhusu yule daktari. Mfano, "Daktari, wagonjwa wako wa vidonda vya tumbo wanaorudi kulalamika maumivu ya usiku unawabadilishia nini?" Daktari wa kuigiza anainua kichwa, kwa sababu umemuuliza kuhusu wagonjwa wake. Akijibu, unaunganisha jibu lake na kitu kimoja tu cha dawa yako, kimoja, pamoja na tahadhari yake moja, unaomba aijaribu kwa mgonjwa anayefaa, unauliza lini urudi kusikia ilivyokwenda, unaaga. Na kama amekuuliza usichokijua sema "hilo nitalifuatilia nikuletee jibu Alhamisi", usitunge. Kwenye hii kazi mtu akitunga anaweza kumdhuru mgonjwa, na wanaohoji wenye akili wanakupima hapo hapo.

Ila kabla hujafika kwenye igizo lazima upate pa kuigizia, na hapo watu wanapoteza muda mwingi. Wanatuma CV kwenye tovuti za kampuni kubwa za Ulaya na Marekani wakati kampuni hizo zinazidi kujitoa kwenye kuajiri moja kwa moja huku kwetu. GSK walitangaza Oktoba 2022 kwamba biashara yao ya dawa Kenya inahamia kwa wasambazaji, yaani dawa zinabaki sokoni lakini anayeziuza ni kampuni nyingine. Ukitaka kazi angalia nyuma ya boksi imeandikwa nani ameingiza na nani anasambaza, huyo ndo mwajiri. Tengeneza orodha yako kutokana na maboksi ya famasi, nenda ofisini kwao, na muhimu zaidi jenga urafiki na marepu wenyewe, wanaokaa kwenye mabenchi ya OPD, kwa wagonjwa wa nje, wakisubiri daktari amalize wagonjwa. Hawa wanajua nani anaacha kazi mwezi ujao kabla hata bosi wake hajajua.

Turudi kwenye ile karatasi. Hapa ndo naomba vijana wanisikilize vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inalinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu, lakini ulinzi huo haumgusi aliye na chini ya miezi sita kazini kwa mwajiri huyo. Sasa unganisha hilo na biashara yenyewe. Kampuni inakuajiri kwa kipindi cha majaribio, inakupa eneo, inakutaka kila siku ujaze ripoti umemwona nani, saa ngapi, kasema nini, namba yake hii hapa. Mwezi wa tano unaambiwa haujafikia tageti, asante kwa mchango wako. Madaktari wako, famasi zako, yote yamebaki kwenye mfumo wao, anaajiriwa mwingine kwa mshahara ule ule au pungufu anaanzia ulipoishia. Sisemi kila kampuni inafanya hivi, kuna waajiri waungwana nimewaona wakimvumilia kijana mwaka mzima mpaka amesimama. Nasema mfumo unaruhusu, na mwenye kupoteza ni yule yule mnyonge.

Kwa hiyo wakikusogezea jedwali, usijaze namba za simu. Una sababu nzuri ya kisheria na ya kiungwana: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, namba ya daktari ni taarifa yake yeye na hakukupa ili umpe mtu mwingine. Sema kwa upole, "Naomba nisitoe namba za watu bila ridhaa yao, ila naweza kuwaeleza eneo ninavyolijua." Alafu lieleze kweli kweli: hospitali hii idara ya watoto ina madaktari wangapi, siku za kliniki ni zipi, wanapendelea kuandika nini na kwa nini, famasi zipi tatu zinapokea vyeti vyao, yupi ananunua taslimu na yupi kwa mkopo. Umeonyesha mahusiano bila kuyakabidhi. Na fikiria upande wao, mtu anayelinda namba za madaktari mbele ya mwajiri mtarajiwa ndo atakayelinda siri za kampuni akipigiwa na mshindani. Wenye busara wanaliona hilo. Wakikasirika, basi umepata taarifa muhimu kuhusu wao kabla hujasaini chochote.

Na wewe una haki ya kuuliza. Wakisema "una swali lolote?" usiseme hapana. Swali la kwanza liwe tageti inahesabiwaje. Kuna tageti ya mzigo unaoingia kwa muuzaji wa jumla na kuna ya mzigo unaotoka kwake kwenda famasi na hospitali, na tofauti yake ndo furaha au presha ya maisha yako. Tageti ikiwa ni ya kuingiza tu, tarehe ishirini na nane utamkuta repu kwenye stoo ya muuzaji wa jumla anambembeleza mzee wa Kihindi au Mchaga apokee katoni ishirini ambazo hana pa kuzipeleka, "mzee wangu nisaidie, mwezi huu tu." Anapokea kwa urafiki. Mwezi unaofuata hatoi oda, mwaka unaofuata katoni zinarudi zimekaribia kuekspaya, na ugomvi wake ni wa repu. Uliza pia nani anabeba madeni. Kuna sehemu famasi isipolipa wanakata mshahara wako. Sheria ile ile ya 2004 inasema kukatwa kwa hasara kunataka kosa liwe lako, uandikiwe sababu na hesabu yake, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira. Famasi iliyofunga mlango usiku na kuhama sio kosa lako kama mkopo uliidhinishwa na ofisi. Mshahara, usafiri na hela ya mafuta, nani anatengeneza pikipiki ikiharibika Sumbawanga, hayo ni ya kuuliza yaandikwe kwenye mkataba, nisiyarefushe.

Wanaoenda upande wa vifaa tiba na mashine za maabara, mengi ni yale yale ila mlango mkubwa ni manunuzi ya umma, na tangu 2023 hayo yanapita mfumo wa NeST, kwa hiyo anayejua zabuni inavyopandishwa huko anathaminiwa kuliko anayejua kuongea. Na muulize mwajiri kama mashine inauzwa au inawekwa bure hospitali inunue vitendanishi vyake (kemikali za kupimia), maana kwa hiyo ya pili mashine ikilala mwezi mzima imeharibika hakuna kitendanishi kinachotoka na kamisheni yako imelala nayo. Uliza mafundi wako wangapi na wanakaa mikoa gani.

Swali la mwisho ni gumu lakini usiliruke. Uliza kampuni inawafanyia nini madaktari. Kila mtu kwenye hii kazi anajua kuna bahasha, kuna safari, kuna "asante" ya mwisho wa mwezi kulingana na vyeti vilivyoandikwa. Madhara yake anayabeba mama mwenye mtoto aliyeandikiwa antibayotiki ya bei mbaya wakati ya bei nafuu ingetosha, au hakuhitaji yoyote kabisa, na usugu wa dawa unaongezeka. Dunia nayo imebadilika, kanuni za shirikisho la kimataifa la watengenezaji dawa, IFPMA, zilipiga marufuku zawadi kwa wahudumu wa afya kuanzia 2019, na China mwaka 2014 GSK walipigwa faini ya yuan bilioni 3 kwa hongo. Ila bahasha ya mtaani haipiti kwenye hati za kampuni, inapita mfukoni mwa repu. Mara nyingi inatoka kwenye hela yake ya "maendeleo ya eneo", hana risiti, na ikifumuka kampuni itasema hatukumtuma. Kwa hiyo uliza hivi, kwa adabu: "Bajeti ya kufanya kazi na madaktari inatumika kwa mambo gani, na nani anaidhinisha kila matumizi?" Mwajiri mzuri atakueleza semina za idara, mada zenyewe, chai na vitafunwa vyenye risiti, sampo zenye kitabu cha kusaini, na jina la anayeidhinisha. Wakiangaliana, wakacheka kidogo, wakakwambia "hayo utajifunza ukifika fildi", omba mkataba ukausome nyumbani na uendelee kutuma maombi kwingine wiki hiyo hiyo.